Kipoyi, kitanda cha mabegani

Hapa Lubarika, na katika vijiji vya kule juu upande wa Lemera, hakuna mutu mzima asiyejua kipoyi. Miti miwili, kamba, bulangeti juu yake, wanaume wanne chini yake, na mgonjwa anateremka mlima amelala. Lakini vijana wa shule wanatuuliza: hiki si kile kitu walichobebewa Wabelgiji? Mbona tungali nacho? Swali lao ni la haki, na halijibiwi kwa neno moja.

Tuanze na jina. Wakoloni walisema tipoye, neno lililotoka kwa Wareno wa Angola, nao walisema tipoia. Wareno walilitoa Brazili, katika lugha ya Watupi. Huko Amerika watu walilala ndani ya wavu uliotundikwa kati ya miti miwili. Christophe Colomb aliuona mwaka 1492. Wamaya wa Yucatán, nchini Meksiko, wanausuka hadi leo, na mwenye kuuzoea halali kwa urefu wake, analala mshazari ndipo mgongo unyooke. Mreno aliufunga wavu huo kwenye mti mmoja na kuuweka mabegani mwa watumwa. Kitanda cha kupumzikia kikageuka chombo cha ukubwa. Neno machela, tunalolisoma katika vitabu vya Tanzania, nalo lilipitia kwa Wareno, ila wao walilipata pwani ya Uhindi. Basi kitu kimoja kimetufikia kwa majina mawili, moja la magharibi na moja la mashariki. Na pale lopitali wanasema brankari.

Wakati wa Wabelgiji, kabla barabara za magari hazijaenea, muzungu wa serikali aliketi kwenye kiti kilichofungwa kati ya miti miwili. Wabebaji hawakuulizwa kama wana nafasi. Kumbeba mutu ambaye miguu yake ni mizima ni uzito mwingine kabisa, na hatuwezi kuwalaumu vijana wakiona haya.

Hata hivyo, kumbeba mgonjwa hatukufundishwa na muzungu. Jirani zetu wa Burundi na Rwanda wanaita machela yao ingobyi, na neno hilohilo ni la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Mgonjwa anabebwa kama mtoto: hapo hakuna bwana mkubwa. Kule Kigezi, Uganda, vikundi vya wabebaji, vinavyoitwa engozi, viliimarika hata hospitali ya Kisiizi ikavitumia kama msingi wa bima ya afya mwaka 1996. Wao walikuwa na umoja tayari. Daktari aliongeza daftari tu.

Na kwetu je? Daktari Denis Mukwege alipoanza kazi Lemera mwaka 1983, aliona wanawake wakifika wamechelewa, wengine karibu kufa kwa uzazi, baada ya safari ndefu. Ndiyo sababu alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Mwaka 1996, mwezi wa kumi, hospitali ile ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa. Mambo hayo yanajulikana. Njia za milimani zilibaki zilezile.

Kwa hiyo tunaandika namna ya kukitunza, maana tunaona vijiji ambapo kipoyi hutafutwa siku ya taabu, usiku, kwa tochi, na miti kukatwa mibichi. Mti mbichi ni mzito na unapinda. Utafutwe mapema, unyooke, usiwe na fundo katikati, ukauke kivulini. Mwanzi ni mwepesi, tunaupenda, ila ukipasuka hautoi taarifa. Miti miwili ni bora kuliko mmoja: bulangeti likining'inia kwenye mti mmoja, mgonjwa anakunjwa kama samaki, na mwenye mfupa uliovunjika atalia njia nzima. Hapa hakuna kulala mshazari kama Wamaya. Kamba zikazwe sana, kisha mkeka, kisha bulangeti.

Kamba nzuri ni ya katani. Nayo ina asili yake Yucatán! Jina sizali ni la bandari ya huko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikapona 62 tu, na katika hiyo mashamba ya Tanga yalianza. Tuliposema vitu hivi vimesafiri hatukutania.

Njiani, kichwa cha mgonjwa kiwe upande wa juu daima. Mukipanda, kichwa kitangulia. Mukiteremka, miguu itangulia. Wabebaji walingane kimo, na wa kupokezana watembee pembeni, si nyuma ambapo watasahaulika. Ngata ya majani begani inasaidia.

Siku hizi moto hufika mahali pengi, mvua isiponyesha. Tena kuna wanaodai malipo kabla ya kuinua mti; hapo kweli tumekaribia kile kiti cha zamani, ila safari hii mwenye pesa ndiye anabebwa. Kijiji kiwe na kipoyi chake, na zamu zijulikane nyumba kwa nyumba.

Baada ya safari, bulangeti lifuliwe na damu itoke kwa maji baridi. Miti itundikwe juu ya meko, moshi unafukuza wadudu. Kamba ziwekwe mbali na panya, zikaguliwe mwezi wa tisa, kabla mvua haijakolea.