Jina la Binti wa Pili: Ubatizo na Ukoo katika Nyumba ya Makabila Mawili

Mchungaji anayetumika upande wa Kagoma, katika nchi ile ya migomba na kahawa ya Bukoba na Muleba, anajua vema namna ya kuwaandaa wazazi kwa ubatizo wa mtoto wao. Huwakumbusha Katekisimo, huuliza habari za wadhamini, hupanga Jumapili. Swali la jina huliacha hadi mwisho, kana kwamba ni jambo la kujaza daftari tu. Lakini swali hilo lina historia ndefu, na katika nyumba za makabila mawili, ambazo leo si haba katika sharika zetu, Kanisa haliwezi kulijibu kama mwamuzi aliyetoka mbali. Kanisa nalo ni mmoja wa wadai.

Tuchukue nyumba ambayo wasomaji wengi wa jarida hili wataitambua. Baba ni Mhaya, mama ni Mchaga wa Machame, na wote wawili walilelewa katika KKKT. Binti wao wa kwanza alipewa jina pasipo shida. Ugomvi ulikuja alipozaliwa wa pili.

Sababu yake ni hii. Buhaya mtoto ni wa ukoo wa baba, yaani oluganda, na upande wa baba ndio wenye neno la mwisho juu ya jina. Jina lenyewe huweza kusimulia hali ya nyumba siku ile, huzuni au shukrani, au kumtaja Mungu mpaji, kama katika Byarugaba. Wasichana wana majina yao wanayotambulikana kwayo mara moja, yale yaanzayo na Koku-, kama Kokushubira na Kokugonza. Mapacha hawana mjadala: majina yao yanawangoja, Nyangoma na Nyakato kwa wasichana, na anayewafuata ni Kaiza. (Mhaya aliyeoa Bunyoro hana la kubishana na wakwe zake katika hili, kwa kuwa majina ya mapacha huko ni yale yale, au karibu sana.)

Uchagani kwa desturi ya wengi utaratibu ni mwingine. Binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, na wa pili jina la bibi mzaa mama. Kwa hiyo kwa binti wa kwanza desturi hizi mbili zaweza kupatana, maana zote mbili zampa baba nafasi ya mbele. Kwa wa pili zinaachana. Mama Mchaga anangoja jina la mama yake mzazi kama mtu angojavyo deni lililokubaliwa. Wazee wa Kagoma hawajui kwamba wanadaiwa. Wanasikia tu kwamba mwanamke aliyeolewa kwao anataka kuingiza katika oluganda jina ambalo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuitwa. Mwenye kudhani kwamba huu ni ukaidi wa mke hajaelewa: jina lile ndilo mahali pekee ambapo desturi yake ilimwahidi kwamba mama yake atakumbukwa katika nyumba ya watu wengine.

Hapo ndipo watu humgeukia mchungaji, naye, akitaka amani, hushauri: mpeni jina la Biblia, yatosha. Ushauri huo unasikika kuwa wa haki. Lakini jina la Biblia nalo lilifika Buhaya likitoka katika nyumba ya wengine. Wahaya wa kwanza walioamini kwa njia ya kiinjili, akina Isaya Kibira na Andrea Kajerero, walipata mafundisho yao kutoka Uganda, kabla Ernst Johanssen wa misioni ya Bethel hajafika Bukoba mwaka 1910. Biblia yao ilikuwa ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896. Majina ya ubatizo kwa hiyo yalikuja yakiwa na matamshi ya Buganda, na yakiwa na alama ya dhehebu: mama wa Bwana aliitwa Malyamu na wasomaji wa Kiprotestanti, hali Wakatoliki, ambao White Fathers wao walikuwa Kashozi tangu 1892, walisema Maria. Jina la ubatizo lilitangaza mtu alikuwa wa kundi gani. Lilifanya kazi ile ile ya jina la ukoo.

Yafaa pia tutazame ni nani aliyebaki na majina yote mawili. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Bukoba, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, aliitwa Josiah Mutabuzi Isaya Kibira. Hapo pana Biblia, pana Kihaya, tena pana jina kamili la baba yake. Kardinali wa kwanza Mwafrika, aliyetawazwa 1960, tunamjua kama Laurian Rugambwa. Sasa tumtazame binti wa Muleba aliyejulikana kuliko wote, aliyeongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Jina lake, kama linavyoandikwa hadharani, ni Anna Kajumulo Tibaijuka: la kwanza ni la Maandiko, la pili ni la nyumba alikozaliwa, la tatu ni la nyumba alikoolewa. Sisemi kwamba mtu yeyote alimnyang'anya kitu. Nasema kwamba katika maandishi yetu mwanamume hupewa nafasi ya jina lake la Kihaya, na mwanamke nafasi hiyo hujazwa na wanaume wawili. Binti wa pili wa nyumba yetu anaingia katika mazoea hayo hata kabla hajafungua macho.

Je, tuna amri gani juu ya jambo hili? Ndogo sana. Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, siku ya Mtakatifu Martino, akapewa jina la siku. Ndivyo walivyofanya Wajerumani wa wakati ule, kwa mazoea ya kalenda. Katika Warumi 16 Paulo anamsifu Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na jina lake ni la mungu mke wa Wayunani. Katika sura hiyo hiyo anamsalimu Herme, mwenye jina la mungu mwingine. Hakuna aliyewataka wabadilishe. Malkia Esta alikuwa pia Hadasa, jina moja kwa nyumba ya mfalme na jingine kwa watu wake. Wamisionari walioogopa kwamba majina ya ukoo yangeleta pamoja nayo heshima za mizimu hawakuogopa bure, maana jina la bibi aliyefariki Uchagani halikuwa sauti tupu. Lakini hofu hiyo ilihusu ibada, na dawa yake ni mafundisho. Wachaga wenyewe walionyesha njia: waliunda majina kama Aikaruwa, asante Mungu, na mengine wakaunganisha Eli wa Kiebrania na maneno ya nyumbani kwao.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumba ya Kagoma ni wa Ruthu. Mama ni Mmoabi, baba ni mtu wa Bethlehemu, na urithi ni wa mume aliyekufa. Mtoto alipozaliwa, Boazi hakutajwa kuwa ndiye aliyempa jina. Wanawake majirani ndio waliomwita Obedi, wakisema kwamba Naomi amepata mwana. Luka naye anatuonyesha jamaa wakikusanyika kumwita mtoto Zakaria, na Elisabeti akisema hapana, nao wakamwashiria baba kana kwamba mama hajasema.

Jina halifanyi ubatizo. Mtoto habatizwi kwa jina lake, anabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kwa sababu hiyo Kanisa halina haja ya kulinda nafasi yake ndani ya jina la mtoto. Askofu Kibira, katika kitabu chake cha 1974 juu ya Kanisa na ukoo, alishughulika na swali hili kubwa la namna oluganda na Kanisa vinavyokutana. Na ndugu wa Uamsho walilichukua neno lenyewe wakaitana nalo. Katika oluganda hiyo bibi wa Machame si mgeni.

Basi mchungaji aanze mapema, majuma kadhaa kabla ya Jumapili ile. Amuulize mama kwanza, akiwa peke yake, jina alilokuwa akilingoja. Kisha aende kwa wazee wa upande wa baba awaeleze kwamba upande wa pili unalo jambo la kudai, na kwa nini. Wakitaka jina la Kihaya pia, vema, kwa maana binti huyo ni wao kweli. Siku ya ubatizo ayataje yote kwa sauti, na ayaandike yote katika daftari; na safu ya jina ikiwa nyembamba, aandike kwa herufi ndogo.