Kiyoyozi Kinachomaliziwa Ukutani

Kiyoyozi cha vipande viwili, ambacho watu wengi wa Afrika Mashariki hukiita AC basi, ni mashine moja iliyokatwa katikati. Kipande cha ndani hufyonza joto la chumba, kipande cha nje chenye kompresa hulitupa nje, na kati yao hupita mabomba mawili ya shaba yenye gesi, nyaya za umeme na mpira mwembamba wa kutolea maji. Kwa miongo kadhaa mashine nyingi za kupoza hewa ya vyumba zilitengenezwa bila mkato huo. Ulipokuja, ulitokana na kelele kuliko joto, na ulibadilisha jambo ambalo mnunuzi halioni dukani: kiyoyozi hakikutoka tena kiwandani kikiwa kimekamilika. Sehemu ya mwisho ya kazi ya kiwanda iliachiwa fundi aifanye ukutani.

Chumba cha kulala kimo katika historia hii tangu mwanzo, kwa njia ya wagonjwa. Katika miaka ya 1840, John Gorrie, daktari wa mji wa bandari wa Apalachicola huko Florida, Marekani, aliamini kwamba hewa ya joto na unyevu ndiyo iliyokuwa ikiwaua wagonjwa wake wa homa. Alining'iniza vyombo vya barafu darini, hewa iliyopoa ikawashukia vitandani. Barafu yenyewe ilibidi iletwe kwa meli kutoka majimbo ya kaskazini, kwa hiyo akaunda mashine ya kuitengeneza, na mwaka 1851 akapewa hataza. Kuhusu chanzo cha homa alikosea, maana kazi ya mbu katika kuieneza ilikuwa haijathibitishwa bado. Kuhusu mashine alikuwa sahihi, lakini wenye mitaji hawakumfuata, naye akafariki mwaka 1855 bila kuifaidi. Mwaka 1881, Rais James Garfield alipolala Ikulu ya Marekani na risasi mwilini, wahandisi wa jeshi la majini walimtengenezea kasha la vitambaa vilivyoloweshwa maji ya barafu, na feni ikapuliza hewa kupitia humo. Chumba kilipoa, barafu ikateketea kwa maelfu ya ratili, na rais hakupona.

Enzi hiyo ya barafu iliacha alama ambayo bado inasomeka kwenye maboksi ya viyoyozi katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Mashine za kwanza za baridi zilipimwa kwa kulinganishwa na barafu ambayo zingeiondoa sokoni. Tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani ratili 2,000 au takriban kilo 907, ikiyeyuka kwa saa 24 hufyonza joto la BTU 288,000. Kwa saa moja ni BTU 12,000. Ndiyo maana viyoyozi huuzwa kwa namba zinazoonekana kama zimeokotwa tu: BTU 12,000 ni tani moja kamili, BTU 9,000 ni robo tatu ya tani, na BTU 18,000 ni tani moja na nusu. Anayeulizia AC ya BTU 9,000 kwa chumba cha mita 3 kwa 4 anahesabu, bila kujua, kwa vipimo vya wauza barafu wa karne ya 19.

Baridi peke yake haikutosha, na aliyelionyesha hilo alikuwa akishughulika na karatasi. Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn, New York, kilisumbuliwa na karatasi zilizotanuka na kunywea kadiri unyevu wa hewa ulivyobadilika, hata rangi zikachapwa pembeni ya mahali pake. Mhandisi kijana, Willis Carrier, alibuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye koili baridi ili unyevu ugeuke kuwa maji na kutoka. Kwa pwani ya Bahari ya Hindi fundisho hili lina uzito kuliko kipimo cha joto. Mashine isiyoweza kupunguza mwendo, ikiwa kubwa kuliko chumba, hukipoza haraka, kisha hujizima kabla haijakausha hewa. Mwenye nyumba hulala kwenye baridi yenye majimaji, na asubuhi anasema AC ni mbovu. Imani kwamba kubwa ndiyo bora imewatia hasara wanunuzi wengi, na wauzaji hawana haraka ya kuiondoa.

Kuingiza mashine katika chumba alalamo mtu kulihitaji gesi isiyoua. Mitambo ya awali ilitumia amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili, ambazo zikivuja usiku zingeweza kumwangamiza aliyelala. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake nchini Marekani walipata gesi za jamii iliyokuja kuitwa Freon, zisizowaka na zisizo na sumu kali. Mashine za dirishani zilianza kuonekana katika miaka ya 1930 na zikashuka bei baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hizo zilikuwa boksi moja: kompresa, feni na koili zote mbili pamoja, nusu ndani na nusu nje. Uzuri wake ulikuwa huo. Gesi ilifungiwa kiwandani, na kufunga mashine kulihitaji tundu, fremu na soketi tu. Ubaya wake ulijulikana saa sita za usiku, kompresa ilipowaka kwa kishindo mita mbili kutoka kitandani.

Waliokata boksi hilo kwa ajili ya nyumba za kawaida walikuwa Wajapani. Toshiba walitoa kiyoyozi cha vipande viwili mwaka 1961, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha Mitsubishi Electric walikuwa wamekifanya kipande cha ndani kuwa kitu chembamba cha kutundikwa juu ukutani, kwa msaada wa feni ndefu ya mfano wa mcheduara. Nyumba za Japani zilikuwa na vyumba vidogo, kuta nyepesi na madirisha ya kusukuma pembeni yasiyoweza kubeba boksi zito. Ukubwa wa mashine huko hutajwa hadi leo kwa idadi ya mikeka ya tatami inayoenea chumbani. Katika miaka hiyo kiyoyozi, gari na televisheni ya rangi vilitajwa pamoja kama matamanio matatu ya familia ya tabaka la kati. Mwaka 1981 Toshiba waliongeza inveta, inayoiwezesha kompresa kupunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima. Umeme ukaokolewa na kelele ikapungua zaidi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na elimu yake ya baridi kabla ya yote hayo. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilifikia unene wa nusu mita, zikachelewesha joto la mchana lisiingie. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi chini ya mita tatu, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine hadi ndani kabisa, penye giza na faragha. Ghorofa ya juu iliyoezekwa makuti iliachwa wazi ipokee kaskazi na kusi. Hata kitanda kilishiriki: kitanda cha kamba kilipitisha hewa kutoka chini, jambo ambalo godoro la sponji liliondoa kimyakimya, na ni ajabu kwamba godoro halitajwi kamwe miongoni mwa sababu za watu kutafuta AC. Wajerumani na Waingereza walijenga kwa veranda na dari za juu, pangaboi likazunguka juu, na nyumba za baadaye zikapewa madirisha ya luva za vioo. Mpangilio wote huo ulitegemea upepo upite. Chandarua kiliuzuia kiasi, nondo na wavu zaidi. Kisha zikaja nyumba za matofali ya saruji zilizobanana, zenye mabati au zege juu, na upepo ukakosa njia.

Mashine za dirishani zilifika kwanza katika benki, mahoteli na ofisi. Majengo ya zamani ya Dar es Salaam na Mombasa bado yana matundu yake ya mstatili chini ya madirisha, mengine yamezibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Kwa vyumba vya kulala vya raia wa kawaida wa Tanzania, mlango ulifunguka baada ya bajeti ya mwaka 1984 kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na zaidi katika utawala wa Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Mfano wa kufuata ulikuwapo: jamaa walioishi Oman, wengi wao wenye asili ya Zanzibar, walikuwa tayari wamezoea nyumba zisizokalika wakati wa kiangazi bila kiyoyozi. Wimbi kubwa lililofuata lilitoka China, hasa jimbo la Guangdong, makao ya Gree na Midea, na bei ikashuka hadi mshahara wa kawaida ukaanza kuikaribia. Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, iliwafanya watumiaji waone uniti zikipungua usiku kwa usiku, na hiyo imeiuza inveta kuliko tangazo lolote.

Zanzibar ilionja maisha ya AC bila umeme. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 kwa takriban miezi mitatu, baada ya hitilafu katika njia ya umeme kutoka bara. Vyumba vya Mji Mkongwe vilivyobaki na madirisha yake ya asili vililalika. Vile vilivyozibwa ili kutunza baridi ya AC vilikuwa tanuri.

Ufundi wa kufunga ulizaliwa kutokana na ule mkato wa Wajapani. Mabomba ya shaba hukatwa, hutanuliwa midomo na kukazwa kwa nati hapohapo nyumbani, kwa hiyo kila AC ina maungio yaliyotengenezwa na mkono wa fundi mmoja, siku moja, mara nyingi juu ya ngazi. Enzi ya R22, gesi ya jamii ya Freon, mafundi walizoea kuachia gesi kidogo isukume hewa itoke mabombani, kisha wakafunga. Ilivumilika. Gesi ya R410A iliyofuata hufanya kazi kwa shinikizo la takriban mara 1.6 ya R22, na mafuta ya kompresa yake hunyonya unyevu kwa pupa. Hewa ikibaki ndani, kompresa hufa mapema. Tangu hapo pampu ya kufyonza hewa ikawa ya lazima. Fundi asiye nayo anafunga kwa desturi ya gesi iliyopitwa na wakati. Usemi wa kwamba gesi huisha na sharti iongezwe kila mwaka nao ni urithi wa maungio mabaya, kwa kuwa mfumo uliofungwa sawasawa haupotezi gesi. Mengine yalijifunzwa kwa hasara: bomba la maji literemke mfululizo, la sivyo maji yatachuruzika ukutani, kipande cha nje kipate nafasi ya kupumua, na kwenye nyumba za ufukweni kikingwe na upepo wa chumvi, unaokula mapezi ya alumini.

R22 yenyewe ilihukumiwa na sayansi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini ya gesi za jamii ya Freon huharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ikaanza kuzidhibiti. R410A haina klorini, lakini ikivuja hupasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Mkutano wa Kigali, Rwanda, ulikubaliana tarehe 15 Oktoba 2016 kupunguza gesi za namna hiyo pia, na makubaliano yakaanza kutumika mwaka 2019. Mashine nyingi mpya sasa hutumia R32, ambayo athari yake ni takriban theluthi moja ya R410A, ila inaweza kuwaka kidogo. Gesi nyingine mbadala, R290, ni propani, ndugu wa gesi ya jikoni. Athari yake kwa hali ya hewa ni ndogo mno, na huwaka vizuri sana. Kwa hiyo kiasi cha gesi hiyo kinachoruhusiwa katika mashine hupangwa kwa kuangalia eneo la chumba, ili hata ikivuja yote isifikie kiwango cha kushika moto.