Ngazi ya Mahitaji na Kifo cha Diouana

Nadharia ya mahitaji ya binadamu aliyoitoa mwanasaikolojia Abraham Maslow wa Marekani mwaka 1943 haikuundwa kwa ajili ya sanaa. Hata hivyo, wahakiki wa filamu wameiazima mara nyingi kwa kuwa huwapa jibu jepesi kwa swali gumu: mhusika anataka nini? Kwa mujibu wa nadharia hiyo, mahitaji ya mwili kama vile chakula na usingizi hutangulia. Yakitoshelezwa, binadamu huanza kutafuta usalama, kisha upendo, kisha heshima, na hatimaye kuukamilisha uwezo alio nao. Ile piramidi iliyozoeleka vitabuni haimo katika makala ya 1943. Ilichorwa baadaye na waandishi wa masuala ya usimamizi wa biashara, na huenda ndiyo iliyowafanya wengi waamini kwamba ngazi hii hupandwa kidato kimoja kimoja bila kuruka.

Filamu inayoitia imani hiyo majaribuni ni La Noire de... ya Ousmane Sembène, iliyotoka mwaka 1966, miaka sita baada ya uhuru wa Senegal. Sembène, aliyewahi kuwa kuli katika bandari ya Marseille, alikuwa ameiandika kwanza kama hadithi fupi katika mkusanyiko wake wa 1962, na chanzo chake kilikuwa habari ya gazeti la Ufaransa ya mwaka 1958. Diouana, msichana wa mtaa wa kimaskini jijini Dakar, anazunguka mlango hadi mlango akiomba kazi. Anaajiriwa na Bibi wa Kifaransa kulea watoto, naye kwa furaha anamzawadia kinyago. Baadaye anaitwa Antibes kuwafuata waajiri wake.

Mhakiki anayeitumia nadharia kama rula angesema kwamba Diouana amepanda. Ana chakula, ana paa, ana kazi. Lakini ni huko Antibes ndiko anakoanza kuporomoka. Watoto aliotarajia kuwalea hawapo mwanzoni. Yeye ni mpishi na mfagiaji, na Ufaransa aliyoiota imekuwa jiko, bafu, sebule na chumba cha kulala. Anaamriwa kuvua viatu vyake vya visigino virefu. Mgeni mmoja anambusu bila idhini, kana kwamba ni haki yake. Barua inapowasili kutoka kwa mama yake, Bwana anaisoma na kuanza kuandika jibu kwa jina la Diouana, ilhali mwenyewe hajatamka neno. Diouana anaichana barua hiyo.

Hapa ndipo uzito wa filamu ulipo. Bibi anamtishia kwamba asiyefanya kazi hatakula. Yaani anakitumia kidato cha chini kabisa kama mjeledi. Mjeledi huo haufui dafu. Diouana anakataa kazi, anakichukua tena kinyago chake, anaurudisha mshahara, kisha anajiua bafuni. Mtu aliyeshiba amekufa kwa kukosa heshima na mwenzi wa kusema naye.

Je, nadharia imeanguka? La hasha. Maslow mwenyewe alikiri katika makala yake ya 1943 kwamba mpangilio huo si wa chuma, na kwamba wapo watu ambao kwa ajili ya thamani fulani huacha kila kitu. Dosari iko kwingine: ngazi humtazama mtu akiwa peke yake, kama kwamba kila mmoja ana ngazi yake ukutani. Sembène anaonyesha watu wawili katika ngazi moja. Heshima anayoitafuta Bibi mbele ya wageni wake hupatikana kwa kumwonyesha mtumishi Mwafrika mezani. Akitoshelezwa yeye, Diouana hupungua. Uhusiano huo wa kikoloni, uliodumu baada ya bendera kubadilishwa, hauna kidato katika mchoro wowote.

Ushahidi wa mwisho unapatikana Dakar, ambako Bwana anarejesha sanduku la marehemu pamoja na kinyago. Anamtolea mama pesa. Mama huyu, ambaye kwa kipimo cha umaskini wake angepaswa kuzipokea kabla ya kufikiria jambo jingine lolote, anazikataa na kuondoka. Mvulana wa mtaani anakivaa kinyago usoni na kumfuata Bwana, hatua kwa hatua, hadi anapoingia garini na kuondoka.