Jembe, Mvua ya Mawe na Kona ya Sayansi

Zamani mtoto wa shule ya msingi katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, akichelewa namba, au akikutwa anapiga domo darasani, alijua atakakoishia: shamba la shule, jembe mkononi, au kufyeka nyasi kando ya uwanja. Siku hizi wapo walimu waliopindua mambo. Anayemaliza hesabu zake ndiye anayeruhusiwa kwenda kwenye kona ya sayansi kupima maji ya mvua, kuwasha balbu kwa betri ya tochi au kumchungulia mdudu kwa kioo cha kukuza. Mikono ile ile iliyoadhibiwa sasa inatunukiwa.

Jembe liliingia darasani kwa mpango. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilitaka elimu ya Mwafrika iegemee kilimo, afya na ufundi. Mwaka uliofuata shule ya serikali ilifunguliwa Kabianga, na katika miaka hiyo hiyo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikianza kupanda chai Kericho. Sehemu ya ardhi ya Wakipsigis ilikuwa imekwenda kwa walowezi, na ajira iliyokuwapo ilikuwa ya kulima na kubeba kikapu. Mzazi aliyempeleka mwanawe shule alitaka apate kalamu. Jembe walikuwa nalo nyumbani.

Kinachoshangaza ni kwamba sayansi yenyewe ilikuwa ikifanyika ng'ambo tu ya ua. Taasisi ya utafiti wa chai ilianza Kericho mwaka 1951. Tena Kericho na vilima jirani vya Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani, na mawe hayo huchanachana chai kabla haijachumwa. Katika miaka ya 1960 wataalamu walirusha roketi zenye baruti mawinguni juu ya mashamba, wakijaribu kuivunja mvua hiyo kabla haijashuka. Kisha mwaka 1982 watafiti Schnell na Tan-Schnell walichapisha katika jarida la Tellus matokeo yaliyowafanya watu watazame chini badala ya juu: majani makavu ya michai yaliyooza ardhini yana chembe zinazosaidia maji kuganda kuwa barafu. Huenda basi wachumaji wenyewe, kwa kutimua takataka hizo wakipita, wanalilisha wingu linalowaharibia kazi. Wakati huo, katika madarasa mengi, watoto waliimba sehemu za ua kutoka ubaoni.

Jaribio la kuwatoa kwenye wimbo huo lilikuwa limeshafanyika. Programu ya Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, iliyoanza miaka ya 1960 kwa msaada wa Wamarekani, iliwapa watoto wa Kenya na nchi nyingine mchanga, nyasi, maji, na yule mdudu achimbaye kishimo mchangani ili kunasa sisimizi. Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa mwanasaikolojia Piaget, alipokuja Kenya kuipima hakuwapa watoto karatasi ya maswali. Aliwawekea vitu chumbani, akawaacha wafanye watakavyo, kisha akatazama. Waliopitia programu walibuni mambo mengi zaidi, na magumu zaidi, kuliko wenzao. Hakuna aliyewaahidi zawadi.

Lakini mwisho wa safari ulikuwa mtihani, na mtihani ulikuwa karatasi. Katikati ya miaka ya 1970 Anthony Somerset na wenzake walianza kuyabadilisha maswali ya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yapime mtoto anavyofikiri kuhusu mazingira yake. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985 ulileta kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi. Wazazi wakachanga kwa harambee kujenga karakana. Hata hivyo alama zilitafutwa kwa penseli, kwa kuchagua jibu moja kati ya manne, na mwalimu mwenye akili timamu alifundisha kile kitakachotahiniwa.

Mwaka 2001 sheria iliondoa kiboko shuleni, na walimu wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kumvuta mtoto. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeirudisha miradi ya mikono. Wazazi wamelalamika, na wana haki, kwamba usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi ni wao wanaokata maboksi na kutafuta gundi. Ilhali vifaa vingine havinunuliwi. Kibuyu cha maziwa ya mursik, kilichopakwa masizi ya mti wa senetwet, kinatosha kumuuliza mtoto kwa nini maziwa yameganda bila kuharibika. Jani bichi la chai likifikichwa na kuachwa dirishani hubadilika rangi kabla kipindi hakijaisha, kama linavyofanya kiwandani kwa tani.

Hoja iliyobaki ni ya nani aguse. Sayansi ikiwa tuzo ya wanaomaliza upesi, kioo cha kukuza hushikwa kila wiki na watoto wale wale watano au sita, na mzito wa hesabu, ambaye pengine ndiye hodari wa kufungua redio ya babake, huendelea kunakili. Baadhi ya walimu wamelikwepa hilo kwa kuifanya tuzo kuwa ya darasa zima: wiki ikienda vizuri, Ijumaa baada ya chakula cha mchana wote hutoka nje na ndoo zao.