Amani ya Wajir ilianzia sokoni

Septemba 29 ni siku ya Wajir kujivuna. Tarehe hiyo mwaka 1993 wazee wa koo zilizokuwa zikiuana waliafikiana Azimio la Al-Fatah, na tangu hapo sifa huwaendea wazee. Ila kwa masimulizi ya Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir aliyekuwemo katika juhudi za amani tangu mwanzo, wazee walikuta moto umeshaanza kupozwa na wanawake.

Kaskazini-Mashariki mwa Kenya, iliko Wajir, ilishazoea mabavu: vita vya Shifta vya kutaka kujitenga miaka ya 1960, kisha mauaji ya Wagalla yaliyofanywa na wanajeshi, Februari 1984. Mwaka 1991 utawala wa Somalia ukaanguka, silaha zikavuka mpaka; ukame ukamaliza mifugo. Ugomvi wa visima na malisho kati ya koo za Wadegodia, Waajuran na Waogaden ukageuka vita.

Vita hivyo viliingia hadi sokoni. Mama wa ukoo huu hakumuuzia wa ukoo ule, na wengine walizuiwa hata kukanyaga sokoni. Dekha na wenzake, wa koo mbalimbali, wakaanza na hilo: soko liwe salama kwa kila mwanamke, auze na anunue. Wakaweka kamati ya kulinda soko. Likizuka tusi au msukumano, kamati inafika papo hapo, kabla habari haijafika nyumbani kwa wanaume wenye bunduki.

Soko lilipotulia, wakageukia wazee, na hapo walicheza karata yao vizuri. Hawakuanzia kwa vigogo. Waliwafuata wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa tishio kwa yeyote, wakawaomba waitishe baraza na kusuluhisha. Vigogo wakakubali kuketi. Vijana na wafanyabiashara wakaletwa baadaye.

Mwaka 1995 kamati ya amani iliyotokana na juhudi hizo ikaingizwa katika mfumo wa utawala wa wilaya. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, ikatambua usuluhishi wa jadi. Dekha alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Lakini tazama Azimio la Modogashe la 2001, lililofikiwa na jamii za kaskazini mwa Kenya na kuweka fidia ya mauaji: mifugo 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Tunaposifu mila kwa kuleta amani, tuseme pia kwamba mabaraza yaliwathamini kwa nusu wanawake, wale wale waliolituliza soko la Wajir. Wazee wanaoketi leo wana deni la kuifuta hesabu hiyo.