Stata: kazi ya sekunde chache

Kabla ya mwaka 1912, kuwasha gari la petroli kulitaka mkono wenye nguvu na bahati kidogo. Dereva alichomeka hendeli mbele ya gari, akazungusha. Moto ukiwahi kushika, injini iliweza kurudi kinyume na hendeli ikamvunja mkono.

Huko Detroit, Henry Leland wa Cadillac alitaka hendeli iondoke kabisa. Husimuliwa kwamba kilichomsukuma ni kifo cha rafiki yake, Byron Carter, aliyepigwa na hendeli majira ya baridi ya 1910 akimsaidia mama mmoja barabarani. Simulizi tamu, ila Carter alifariki 1908.

Kazi ilimwangukia Charles Kettering wa Dayton, Ohio, aliyeanzisha kampuni ya Delco pamoja na Edward Deeds. Hesabu za wataalamu zilikuwa zikionyesha kwamba mota ya kuweza kuizungusha injini ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari. Lakini Kettering alikuwa ametoka kampuni ya National Cash Register, ambako alitia mota ya umeme kwenye mashine ya fedha ya dukani. Alijua kuwa mota ndogo, ikifanya kazi kwa sekunde chache tu kisha ikapumzika, hustahimili mzigo ambao ungeiunguza kama ingezunguka mfululizo. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, haihitaji kuchapa kazi kutwa. Kwa wazo hilo Cadillac za 1912 zikatoka na stata ya umeme. Ford ilianza kuiweka kwenye Model T mwaka 1919.

Wazo hilohilo limo ndani ya trekta dogo la kukata nyasi, lile ambalo mtu hulipanda na kuliendesha. Betri yake ni ya volti 12. Stata hunywa umeme mwingi kuliko swichi ya ufunguo inavyoweza kuhimili, hivyo ufunguo hupeleka umeme kidogo tu kwenye solenoidi. Koili iliyo ndani yake hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, na chuma hicho huunganisha nyaya nene za betri na stata. Ule mlio wa “tak” ndio huo. Ukisikia “tak” na stata isizunguke, anza na betri na vichwa vyake kabla ya kununua chochote.

Stata ikizunguka, gia yake ndogo hutoka na kushika meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Injini ikiwaka, gia huachia. Kwenye injini nyingi za aina hii, cheche za plagi hazitoki kwenye betri: sumaku za flaiwili huzizalisha zinapopita karibu na koili.

Kinachonivutia zaidi ni ule umeme kidogo wa ufunguo. Kazi yake ya kwanza ni kurahisisha kuwasha. Waunda mashine za nyasi wanautumia pia kukataa. Njiani umewekewa swichi ya breki na swichi ya visu: breki isipokanyagwa, au visu vikiwa vimeunganishwa, solenoidi haipati kitu. Fundi huitwa kwa “stata imekufa”, kumbe mguu haukuwa kwenye pedali.

Swichi ya kiti ina kazi nyingine: dereva akiinuka visu vikiwa vinazunguka, huzima injini. Ikiharibika, wapo mafundi wanaounganisha nyaya zake moja kwa moja. Mashine huwaka vizuri kabisa, na dereva akianguka, visu huendelea.