Geuza Mara Mbili: Historia ya Pikapu Isiyovuma

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie gitaa la umeme. Na nikisema pikapu, simaanishi lile gari la kubeba kabichi kwenda Marikiti. Namaanisha kifaa kidogo kilicho chini ya nyuzi za gitaa, chenye sumaku na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya ule na kwenda kwa amplifaya. Basi, sauti imepatikana.

Mapema miaka ya 1930 George Beauchamp, akishirikiana na Adolph Rickenbacker huko Los Angeles, alitengeneza gitaa la namna hii lililobandikwa jina la Frying Pan. Hataza yake ilitolewa 1937. Lakini kifaa kilizaliwa na ugonjwa wake. Koili ya waya ni antena. Inasikia uzi, na pia inasikia kila transfoma na kila taa iliyo karibu. Huko Marekani umeme wa majumbani hupiga mara 60 kwa sekunde, na mwanamuziki akinyamaza kidogo jukwaani, mvumo ndio unaoimba. Hapa Kenya ni mara 50, kwa hivyo mvumo wetu ni mzito zaidi, ila kero ni ile ile.

Dawa tunaijua sisi watu wa tarakilishi, hata kama hatujawahi kushika gitaa. Chukua kebo ya mtandao uikate: ndani utakuta waya zimesokotwa mbili mbili. Waya mmoja hubeba ishara, mwenzake hubeba ishara ile ile ikiwa imepinduliwa. Kelele za nje huingia katika zote mbili kwa namna moja. Mpokeaji akitoa hii kwa ile, kelele inajifuta na ishara inabaki. Alexander Graham Bell alipata hataza ya waya wa simu wa namna hiyo mwaka 1881!

Kwenye gitaa kuna kikwazo. Ukiweka koili mbili na kupindua moja tu, mvumo unajifuta, lakini sauti ya nyuzi nayo inajifuta. Umeua mgonjwa pamoja na ugonjwa. Ujanja uko kwenye sumaku. Mvumo unatoka nje, haujali sumaku yako imeelekea wapi. Sauti ya uzi inajali. Kwa hivyo tuna swichi mbili, na kila mwanafunzi wa kompyuta ataitambua jedwali hii. Linganisha koili ya pili na ya kwanza:

1. Usipogeuza chochote: sauti zinajumlishwa, mvumo pia unajumlishwa.
2. Ukigeuza waya tu: mvumo unajifuta, lakini sauti zinapingana.
3. Ukigeuza sumaku tu: sauti zinapingana, na mvumo unajumlishwa. Hasara tupu.
4. Ukigeuza waya na sumaku: sauti iliyopinduliwa mara mbili inarudi sawa, mvumo uliopinduliwa mara moja unajifuta.

Naam, ni XOR! Fezi ya sauti ni waya XOR sumaku. Fezi ya mvumo ni waya peke yake.

Sasa, nani alivumbua? Hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Armand Knoblaugh wa kampuni ya Baldwin, watengenezaji wa piano, aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili mwaka 1935. Haikubadilisha ulimwengu wa magitaa. Miaka 20 ikapita.

Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson mjini Kalamazoo, alipewa kazi ya kuondoa mvumo. Alikuwa mtu wa amplifaya, si mpiga gitaa wa sifa. Aliweka koili mbili bega kwa bega, kila moja ikiwa na mizunguko takriban 5,000, na chini yao sumaku moja: upande wake wa kaskazini ukigusa koili hii, wa kusini koili ile. Sumaku moja tu, swichi zote mbili zimegeuzwa. Aliomba hataza Juni 1955, na pikapu ikaingia kwenye gitaa la Les Paul mwaka 1957.

Wakati huo huo Ray Butts, mwenye duka la vyombo vya muziki mjini Cairo (ule wa Illinois, siyo wa Misri), alikuwa akimsikia rafiki yake Chet Atkins akilalamikia mvumo wa gitaa lake la Gretsch. Butts naye akatengeneza pikapu ya koili mbili, Filter'Tron. Aliomba hataza Januari 1957, miezi 19 baada ya Lover, lakini akapewa yake Juni 1959, mwezi mmoja kabla ya Lover.

Leo jina la Lover ndilo linalotajwa, la Butts wachache wanalijua, na la Knoblaugh karibu hakuna. Kwa maoni yangu si dhuluma kamili. Wazo lilikuwa la wote. Kilichoshinda ni kifaa kilichotoshea ndani ya gitaa ambalo watu tayari walilipenda. Sisi waandishi wa programu tumeliona hilo mara ngapi? Na Gibson hawakuwa malaika: hataza ilipotoka, namba waliyochapisha kwenye pikapu zao, 2,737,842, ilikuwa ya kifaa cha Les Paul cha kushikia nyuzi. Aliyetaka kunakili pikapu alisomeshwa kishikio!

Fender nao waliligawa wazo. Mwaka 1957 besi yao ya Precision ilipata pikapu iliyokatwa vipande viwili, nyuzi mbili kila kipande, kimoja kikiwa kimegeuzwa waya na sumaku.

Na kuna kosa lililopendwa. Gitaa la Les Paul la 1959 lililopigwa na Peter Green lilikuwa na sumaku iliyogeuka katika pikapu ya shingoni. Ndani ya kila pikapu mvumo bado ulijifuta, lakini pikapu mbili zikipigwa pamoja sauti zilipingana, besi ikapungua, ikabaki sauti nyembamba ya puani. Watu wanaitafuta sauti hiyo hadi leo.

Kwa hivyo ukiwa na gitaa lenye pikapu mbili za koili moja moja, ziwashe pamoja usikilize. Sauti nene na kimya safi: vyote viwili vimegeuzwa. Sauti nene yenye mvumo: hakuna kilichogeuzwa. Nyembamba bila mvumo: badilisha sumaku, usiguse waya. Nyembamba na yenye mvumo: badilisha waya za pikapu moja, na vyote viwili vitapona kwa mkupuo.